Mwalimu wa Alama Zisizofutika

Mwalimu hakuwahi kununua kitu dukani kwangu bila kukitukana kwanza. Mimi nauza plastiki: ndoo, mabeseni, mitungi ya maji, vikombe vya watoto. Karakana yake ilikuwa mlango wa pili, ukuta kwa ukuta na duka langu, hapa Voi mjini. Akija asubuhi ataokota beseni, aligeuze, aligonge kwa ukucha, alinyanyue juani, kisha atoe hukumu.

"Jirani, plastiki hii ni bubu."

Kwa lugha yake, plastiki bubu ni ile isiyotiwa dawa, ambayo ukiipiga mwanga haijibu. Nami nilimjibu kila mara kwamba wateja wangu wanataka beseni la kufulia, si beseni la kupiga nalo soga. Atakunja uso, atalipa, ataondoka na beseni lake bubu kwapani. Kesho yake atarudi kutukana ndoo.

Alikuwa amefundisha kemia shule za huko milimani mpaka mvi zikamjaa. Alipostaafu, wenzake walijenga nyumba za kupangisha na wengine wakanunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akanunua mashine ya leza, sanduku la chuma lenye kimo cha friji ndogo na kidirisha cha kioo cha kijani. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nyumba yao iko Chawia, kwenye baridi na migomba, na watoto walitarajia atakaa huko apumzike. Akateremka Voi kwenye joto na vumbi jekundu. Binti yake mkubwa, anayefanya kazi ya ofisi Wundanyi, alimpa masharti mbele yangu, akanifanya shahidi bila kuniuliza.

"Baba, siku utajiumiza na hiyo mashine, ama kazi ikushinde, nakuja na pikapu. Tunafunga, unarudi nyumbani. Mama hapa amesikia."

Mwalimu akasema sawa. Tangu siku ile alikuwa na shughuli moja kubwa duniani, nayo ni kuhakikisha kwamba ile pikapu haiji.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza, yaani mara nyingi kuliko nilivyotaka. Aliyeyusha plastiki kuukuu pamoja na mabaki ya mkonge kutoka mashamba ya huku kwetu, kwa sababu nyuzi za mkonge huipa plastiki nguvu. Akamimina kwenye kalibu, vikatoka vibamba vyeupe vya ukubwa wa kiganja. Lakini kabla ya kumimina alitia dawa, unga laini unaong'aa kama magamba ya samaki, kidogo tu, mfano wa chumvi kwenye sufuria. Ukizidisha, plastiki inavunjika. Ukipunguza, huna kitu. Mwanga wa leza wenyewe hauonekani kwa macho, na kwenye plastiki ya kawaida unapita tu bila salamu. Ukikutana na dawa, dawa inaumeza, inashika moto, na plastiki iliyoizunguka inaungua papo hapo kwa ndani na kuwa nyeusi. Kwa hiyo jina halikai juu ya kibamba. Jina ni kibamba chenyewe kilichobadilika.

"Huwezi kulifuta bila kukifuta kibamba chote," alisema, na hapo alinyamaza kidogo ili nishangae. Nikikataa kushangaa, alirudia.

Wino aliudharau kuliko alivyodharau mabeseni yangu. Stika ndizo zilizomtia kichefuchefu. "Jina la wino ni la kuazima," alipenda kusema. "Mvua ikilidai, linarudishwa." Akiona mtu amejiandikia jina kwa kalamu kwenye chupa ya maji, alitikisa kichwa kama daktari aliyeona kidonda kimefungwa kwa jani la mgomba.

Karakana yake hukuingia bila miwani ya kujikinga, hata kama mashine imezimwa na umeme umekatika mji mzima. Alikuwa na miwani mitatu ya kijani imening'inia mlangoni, na aliyekuja alivishwa kwanza, akasalimiwa baadaye. Siku mchungaji wake alipokuja kuibariki mashine, alivishwa pia. Nilichungulia nikamwona mtumishi wa Mungu amesimama na miwani mikubwa ya kijani, mikono juu, akiliombea sanduku la chuma likae salama na lilete riziki. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa juu ya ndoo. Mwalimu alinisikia kupitia ukutani, akanuna siku nzima, na jioni akaniletea ndizi za kutoka Chawia kana kwamba mimi ndiye niliyenuniwa kwa makosa.

Chai yake aliipima. Sisemi alipima sukari tu, hapana, alitia kijiko, akakisawazisha kwa ukingo wa rula, kilichozidi akakirudisha koponi. Mwezi wa Ramadhani alifunga mlango wakati wa chai ya saa nne ili asinitamanishe, jambo la heshima sana, isipokuwa aliinywa kwa kuivuta mdomoni kwa kelele ambazo ukuta haukuweza kuzizuia. Kila mwaka nilifunga huku nikisikiliza mtu akinywa chai. Nilimwambia siku ya Idi, akashtuka kweli, na mwaka uliofuata akawa anainywa nyuma ya jengo, juani, amesimama, kwa adhabu aliyojipa mwenyewe.

Sifa alizipenda, na hilo halikuwa siri. Wafugaji walimletea kazi ya hereni za mbuzi, vile vipande vya plastiki vinavyotobolewa kwenye sikio. Wakati mmoja wanaume wawili walifika wakigombania beberu, kila mmoja akiapa, na hereni yenyewe ilikuwa imetafunwa na mbuzi mwingine ikawa kama kiganda cha karanga. Mwalimu aliichukua, akaifuta kwa shati, akasoma jina la mwenyewe bila kukwama hata herufi moja. Aliyeshindwa alikwenda zake. Mbuzi alikwenda kwao. Hereni ile iliyotafunwa ilibaki kwa Mwalimu, na kwa miezi mingi hakuna aliyeingia pale, awe mteja au mwuza njugu, akatoka bila kuonyeshwa.

Sasa nitaje kioja chake kikubwa. Mtu huyu aliyeutia alama mji mzima, kuanzia funguo za vyumba vya wageni hadi viti vya kanisa, hakuwa na kibao mlangoni kwake. Ndani, makopo yake ya unga yalipangwa rafuni, yote sawa, yote meupe, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Nilimuuliza atajuaje dawa ni ipi na unga wa mawe wa kukazia plastiki ni upi.

"Dawa inang'aa," alisema. "Nikifungua naiona."

"Si uandike tu?"

"Jirani, wewe huandika 'chumvi' kwenye kopo la chumvi?"

Mimi huandika. Sikumwambia.

Kuna mambo niliyoyaona nikayafanyia mzaha, na ningeendelea kuyafanyia mzaha kama nisingekuwa na shangazi. Mwalimu alianza kuyapiga mateke mabeseni yangu. Nayapanga nje, pembeni ya njia, kama kila mwenye duka, na kila asubuhi aligonga moja likabingirika hadi barabarani, bodaboda wakalikwepa. Alidai ninayasogeza kwa makusudi. Nilidai anayapiga kwa makusudi kwa sababu ni bubu. Watu wa mtaa walitusikiliza kama redio. Kisha jioni moja akanieleza, kwa furaha ya kisomi, kwamba siku hizi anaona duara za rangi kuzunguka taa, kama upinde wa mvua. Akanipa somo zima la jinsi vumbi la Voi linavyouvunja mwanga hewani.

Shangazi yangu wa Mombasa aliona duara hizo hizo kuzunguka taa. Hakumwambia mtu, hakuumwa, hakulia. Alianza kwa kugonga vitu vya pembeni, na alipopelekwa kwa daktari akaambiwa ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sikumwacha Mwalimu amalize kusifu upinde wake wa mvua.

"Mwalimu, nenda ukapimwe macho."

"Macho yangu yanasoma herufi ndogo kuliko zako."

"Shangazi yangu—"

"Shangazi yako alikuwa hana elimu ya mwanga," akasema, akaingia kwake. Nilielewa vizuri alichoogopa. Daktari angesema neno, neno lingefika Wundanyi, na kutoka Wundanyi ingekuja pikapu.

Halafu zikaja kazi za kioski cha maji.

Asiyekaa Voi huenda asijue kwamba kwetu mtungi ni mtu. Maji hayaji kila siku, na yakitarajiwa, watu hupanga mitungi yao mbele ya kioski tangu alfajiri, wakaenda kazini, shambani, kupika. Mtungi unakaa kwenye laini kwa niaba yako, na heshima anayostahili mwenyewe, mtungi unastahili. Kuusogeza mtungi wa mtu nyuma ni sawa na kumsukuma. Tatizo ni kwamba mitungi yote ni ya manjano na yote inafanana. Wengine hufunga kitambaa mkononi mwa mtungi, wengine hupaka rangi ikabanduka, na ugomvi wake niliwahi kuuona ukiishia kituo cha polisi. Mama Mghoi, mwenyekiti wa akina mama wa kioski, alikuwa amechoka kuamua kesi za mitungi. Akamwendea Mwalimu. Kila mwanachama atengenezewe kibamba chenye jina lake, kitobolewe, kifungwe kwa waya shingoni mwa mtungi.

Mwalimu aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyepewa uwaziri. Alitangaza kwamba huo ndio mwisho wa ugomvi wa maji Voi. Alizima na kuwasha mashine mpaka taa za dukani kwangu zikawa zinapepesa. Majina ya wote aliyakariri kwa mpangilio wa foleni, kwa mazoea ya miaka ya kuita rejista darasani.

Jumamosi ya kuvikabidhi alivaa tai, kwa joto lile. Tulikusanyika mbele ya kioski, mitungi imejipanga, wenyewe wamesimama nyuma yake. Akachukua kibamba cha kwanza, akapitisha kidole gumba juu yake, akaita jina la Mama Mghoi kwa sauti ya darasani.

"Nipo, Mwalimu!" Watu wakacheka.

Mama Mghoi akakipokea. Akakitazama. Akakigeuza upande wa pili, akatazama na huko. Mimi nilikuwa begani kwake, nikaona alichokiona. Kibamba kilikuwa kitupu. Cheupe, kisafi, na vidoadoa viwili vitatu vya kahawia pale mwanga ulipokutana na nyuzi za mkonge, basi. Nilijua papo hapo lililotokea. Alikuwa ametia unga wa mawe badala ya dawa, kopo kwa kopo, na mashine ikakesha ikiandika kwenye plastiki bubu. Kisha akavitazama vyote kimoja kimoja, akaridhika.

Nikafungua mdomo. Mama Mghoi, bila kugeuka, akanikanyaga mguu, na si mwanamke mwepesi.

"Asante sana, Mwalimu," akasema. "Imetoka vizuri."

Wa pili akaitwa, akaja, akatazama kibamba, akamtazama Mama Mghoi, akamtazama mzee na tai yake. "Shukrani, Mwalimu. Iko sawa kabisa." Wa tatu akasema hata herufi zinapendeza. Nilifikiri amezidisha, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mwalimu akaanza kueleza jinsi alivyochagua herufi hizo. Mtu baada ya mtu walipita, wakapokea kibamba kitupu kwa mikono miwili kama ilivyo adabu kupokea kitu kwa mzee, wakarudi wakakifunga kwenye mtungi. Aliyataja majina yote bila kukosea hata moja. Lilipofika langu, nikakipokea na mimi, mguu wangu ukiwa bado unauma.

Yaliyofuata yangenichekesha kama yangewapata watu wengine. Vile vibamba vitupu vilifanya kazi. Ugomvi wa mitungi uliisha, kama Mwalimu alivyotangaza, kwa sababu hakuna aliyetaka ugomvi utakaomleta mzee kuja kusoma vibamba vyake. Watu walirudia vitambaa vyao vya zamani kimyakimya, chini ya vibamba. Siku moja mwanamke mgeni aliyehamia kutoka Miasenyi aliuliza kwa sauti, "Lakini hivi mbona havijaandikwa chochote?" na watu kumi wakamnyamazisha kwa pamoja, hata wale waliokuwa hawasemezani. Mwalimu akipita pale aligusa kibamba kimoja kimoja kama mwalimu anayekagua madaftari, akakohoa kwa kuridhika, akaendelea na safari yake.

Mimi sikuridhika hata kidogo. Nilimfuata Mama Mghoi nyumbani kwake.

"Mnamuua huyu mzee kwa adabu."

"Tunamuua aje?"

"Macho yake yanakwenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa si yeye peke yake anayeficha, ni mtaa mzima."

Akaendelea kuchambua mboga. "Ukimwambia, atajua alisimama mbele ya watu akasoma kitu hakuna. Mwalimu yule? Na msichana wake atakuja amchukue. Unajua mtu akitolewa kazi yake vile anaisha? Mimi babangu nilimuona. Alitolewa reli, akakaa kwa kiti, akaisha."

"Na akibaki kipofu, atashika kazi gani?"

"Mungu yuko," akasema Mama Mghoi. Nami namwamini Mungu, lakini nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi pia nilikuwa nimesema kweli, na kweli mbili zilikuwa hazisaidii jicho hata moja.

Binti alipiga simu mara kwa mara kuniuliza hali. Sikudanganya. Nilisema, "Mwambie akapimwe presha ya macho." Akasema amemwambia, na baba amesema ameshapimwa. Kumbe alikuwa amepimwa presha ya damu pale kwenye duka la dawa, akaona inatosha, maana presha ni presha. Huo ndio ulikuwa ujanja wake. Hakusema uongo, alichagua tu ukweli mdogo na kuutanguliza.

Mwalimu alikuja dukani alasiri moja, nimetoka kuswali, kukiwa hakuna mteja. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Alikitua juu ya kaunta taratibu, akakifungua kona kwa kona. Kilikuwa kibamba, kikubwa kuliko vile vya maji, kimesuguliwa kingo zake mpaka zikawa laini.

"Msalaba wa mama watoto kule Chawia umeliwa na mchwa," akasema. "Rangi nayo imekwisha, jina halisomeki. Kila mwaka nasema nitatengeneza, halafu naona plastiki haijafaa, naahirisha. Sasa nimekitengeneza. Nimekitia dawa nzuri kuliko zote." Akakisogeza kwangu kwa vidole viwili. "Nisomee, jirani. Miwani nimeiacha ndani. Nataka kuhakikisha miaka imekaa sawa."

Nikatazama. Weupe mtupu, na doa moja la kahawia pembeni.

Jina la mkewe nilikuwa nalijua, alilitaja kila siku, kwamba alikuwa hivi na alipika vile. Ningeweza kulisema. Miaka nisingeweza, lakini hata miaka ningeibabaisha, angekubali, angekifunga tena kwa leso, angekipeleka kilimani na kukisimamisha juu ya kaburi, akalisomea kaburi kitu kisichokuwepo. Nilimkasirikia Mama Mghoi. Niliikasirikia foleni nzima ya maji. Nilimkasirikia na yeye, na ubishi wake, na rula yake ya sukari, na nikajua ya kuwa hasira yote ile ni kwa sababu nampenda mzee huyu kama ndugu yangu wa tumbo moja.

"Mwalimu," nikasema, "hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu kivipi?"

"Kibamba ni kitupu. Hakuna jina. Hakuna mwaka."

Akakichukua. Akakisogeza karibu na uso, akakipeleka upande wa mlangoni penye mwanga, akageuza kichwa huku na huku akikitafuta kwa pembe za macho. "Mimi naliona," akasema. Akakishusha, akasema tena, polepole, "Nilidhani naliona."

Bodaboda alipita nje akipiga honi.

"Na vile vya maji?"

"Navyo."

"Vyote?"

"Vyote, Mwalimu."

"Lakini Mama Mghoi alisema imetoka vizuri."

"Mama Mghoi anakupenda. Wote pale wanakupenda. Hakuna aliyekucheka, wala siku ile, wala baadaye."

Alikaa juu ya kigoda changu cha wateja. Alikuwa amekikumbatia kile kibamba kifuani kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyokuwa mzee. Nikamweleza habari ya shangazi yangu, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii hakunikatiza. Nilimwambia kilichokwenda hakirudi. Nilimwambia pia kwamba kilichobaki kinaweza kushikwa kwa matone, au kwa kupasuliwa, ikiwa mtu anakwenda sasa na si mwakani. Shangazi yangu alikwenda mwakani.

"Mtanifungia karakana," akasema.

"Sijui, Mwalimu. Huenda."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali jibu hilo. Akatoa simu mfukoni, akaiwasha, kidole gumba kikazunguka juu ya kioo bila kutua. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Kisha akanipa.

"Nitafutie binti yangu."

Nikambonyezea, nikaiweka sauti ya nje ili asihangaike nayo, nikaisogeza mdomoni kwake. Ikaita. Binti akaitika haraka, sauti za ofisi nyuma yake.

"Baba? Kuna nini?"

"Mama, hujambo," akasema Mwalimu, kwa sauti yake ile ya kuita rejista. Kisha sauti hiyo ikamwishia. Akainua kidevu.

"Njoo unichukue, mama. Sioni."

Upande wa pili tukasikia mtu mzima akilia mbele ya wafanyakazi wenzake. Mwalimu akaanza kumbembeleza, "Nyamaza, nyamaza mama, ni macho tu," na mkono wake ukapapasa juu ya kaunta mpaka ukaupata wangu, ukaushika. Mimi sikuuondoa.